Uliza Fundi: Namba za mashine ya jirani haziingii kwenye mashine yako

Mwezi huu wenye maswali ya friji na inveta mtanisamehe, mtangoja kidogo, manake barua karibu zote zilizoingia ni za mashine za CNC, zile zinazokata na kuchonga zenyewe kwa maagizo ya kompyuta, na nyingi zinatoka Lamu na Malindi, naona mafundi seremala wa pwani wameamua. Karibu wote wanatumia GRBL, ile programu ya bure ya kuendesha mota za mashine inayokaa ndani ya Arduino Uno, kile kiubao kidogo cha elektroniki, ilianzishwa na Simen Svale Skogsrud mwaka 2009 halafu Sonny Jeon akaja kuiendeleza, kwa hivyo majibu yangu nimeyaelekeza huko. Kama hujawahi kuziona setingi zenyewe, unganisha mashine na laptop, weka kasi ya mawasiliano 115200, andika $$ halafu bonyeza enta, itakumwagia orodha ndefu ya namba. Hiyo alama ya dola isikutishe, hakuna anayekudai.

Duara langu linatoka yai

*Salaam aleikum fundi. Mimi ni mchonga nakshi hapa Langoni, Lamu, kazi ya patasi nimeirithi kwa wazee, na sasa nimenunua mashine ya CNC ya mkono wa pili kutoka Mombasa inisaidie kukwangua zile sehemu za chini za milango ndo mkono ubaki na maua tu. Shida nikichora duara inatoka yai. Nimepima na rula, nikiiambia iende 100 upande wa X inaenda 160, Y nikiiambia 100 inaenda 100. Nimeangalia $100 na $101 zote zimeandikwa 320. Aliyeniuzia anasema draiva ya X imekufa ninunue ingine. Sasa draiva mpaka itoke Nairobi ifike Mokowe ivushwe na boti si leo. Ninunue?*
— Mchonga Nakshi, Langoni

Waaleikum salaam ndugu yangu. Usinunue kitu, weka pesa mfukoni. Draiva ni kile kifaa kinachoipa mota umeme, ikifa mota haiendi, au inatetemeka pale pale kama ina homa, haiwezi kufa halafu ikawa inakwenda mbali zaidi ya ulivyoiambia tena kwa kipimo kile kile kila siku. Draiva yako ni nzima.

Hesabu yako mwenyewe ndo imenipa jibu. $100 ni stepu ngapi mota ya X inapiga ili isogee milimita moja, $101 ni ya Y, $102 ni ya Z. Stepa za kawaida, yaani hizo mota zinazokwenda stepu kwa stepu, zinazunguka nyuzi 1.8 kwa stepu, yaani stepu 200 mzunguko mzima, na draiva ikiwa imewekwa maikrostepu 8, yaani kila stepu imegawanywa vipande 8, basi mzunguko mmoja unakuwa 1600. Sasa gawanya na umbali ambao skrubu yako ndefu inasogeza nati kwa mzunguko mmoja. Bolskrubu, skrubu ya nati yenye vigololi ndani, ile ya 1605, kipenyo 16 na mwendo wa milimita 5, inakupa 1600 kugawa kwa 5, unapata 320. Hiyo ndo Y yako na iko sawa. X inakwenda mara 1.6 ya inavyotakiwa, chukua 320 gawa kwa 1.6 unapata 200, na 200 ni nini? Ni 1600 kugawa kwa 8. Yaani X ina skrubu ya milimita 8 kwa mzunguko, na mimi naweza kukuandikia hapa bila kuiona kwamba kuna mtu alibadilisha skrubu ya X akaweka ile nyembamba ya T8 ya printa za 3D halafu setingi akaziacha kama zilivyokuwa.

Usinikubali hivi hivi, kahakikishe. Zima umeme kabisa, chukua maka peni piga mstari mmoja kwenye skrubu na mwingine kwenye fremu vitazamane, pima nati iko wapi, halafu zungusha skrubu kwa mkono mzunguko mmoja, polepole, usiizungushe kwa fujo kwa sababu stepa ikizungushwa haraka inakuwa jenereta na inarudisha umeme kwenye draiva. Pima tena. Ikiwa imesogea 8 mambo yameisha. Na angalia usidanganywe na macho, skrubu ya T8 ukipima nafasi kati ya uzi na uzi utaona milimita 2 ukasema ni 2, lakini zile nyuzi ziko nne zinazokwenda pamoja, ndo maana mzunguko mmoja ni 8. Hapo watu wengi wanaumia.

Ukishahakikisha andika $100=200 piga enta, itajibu ok, basi. Mtu mwenye tofauti nyingine na ya kwako anaweza kutumia njia hii hii: namba ya zamani zidisha na umbali ulioagiza, gawanya na umbali uliopata. Na uwiano wenyewe unaongea. Ukipata mara mbili kamili au nusu kamili basi angalia vile viswichi vidogo pembeni ya draiva, au jampa kama draiva ni zile ndogo za kuchomeka, hapo ni maikrostepu hazijalingana na setingi. Ukipata kitu cha ajabu ajabu kama 1.6 ni skrubu au puli. Wenye mikanda ya GT2 hesabu ni hiyo hiyo, puli ya meno 20 inavuta milimita 40 kwa mzunguko, kwa hivyo 1600 gawa 40, stepu 40.

Sasa kuna jambo nakuomba usifanye. Ukishaweka 200 utapima utakuta labda 100 inatoka 99.7, na kuna watu wataanza kukwambia weka 200.6, weka 200.4. Acha. Namba ya skrubu inatoka kwenye hesabu, haitoki kwenye rula, kosa dogo kama hilo karibu kila mara ni nati iliyolegea au ni macho yako kwenye rula. Kama ni lazima upime, pima umbali mrefu kabisa mashine inaofika, sio sentimita kumi, na pima mashine ikija kutoka upande mmoja tu. Halafu ipime ikija kutoka upande wa pili. Zikitofautiana, huo ni uchezaji wa nati, na GRBL haina setingi ya kufidia uchezaji huo, tafuta nati yenye springi au kaza iliyopo. Na ukipima kwenye mbao uliyokwisha kukata, kumbuka mbao ya mwembe ambayo haijakauka leo ni hivi kesho ni vile, hasa kukata kwa upana wake, usije ukailaumu mashine kwa makosa ya mti.

Maandishi yanatoka kinyume

*Fundi hujambo. Mimi na kaka zangu tunaendesha karakana ya samani Mkomani. Tulipata kazi ya boriti ya juu ya mlango iandikwe bismillahi, kwenye laptop iko sawa kabisa, mbaoni ikatoka kinyume kama unaisoma kwenye kioo, alifu ziko upande ambao sio. Kijana wetu akaugeuza mchoro ndo ukatoka sawa, lakini sasa kila kazi lazima augeuze na siku akisahau ubao umekwenda. Mashine yetu meza ndo inatembea mbele na nyuma, mota ya kukatia inakwenda kushoto na kulia.*
— Dada wa Mkomani

Sijambo dada yangu, poleni kwa ule ubao. Huyo kijana mwambieni asigeuze tena mchoro wowote, mashine ndo irekebishwe, mara moja tu na imeisha.

Simama mbele ya mashine. Sheria ni kwamba X ikiongezeka ncha ya biti iende kulia kwako, Y ikiongezeka iende mbele mbali na wewe, Z ikiongezeka ipande juu. Lakini hiyo ni mwendo wa biti ukilinganisha na mbao, na hapa ndo wenye meza inayotembea wote wanapotelea, kwa sababu wanabonyeza Y kujumlisha wanaiona meza inakwenda mbele wanasema ahaa iko sawa. Haiko sawa. Meza ikienda mbele na biti imesimama, biti kwa mbao inarudi nyuma. Kwenye mashine kama yenu ukibonyeza Y kujumlisha meza inatakiwa ije kwako. Jaribuni na penseli, fungeni penseli mahali pa biti, wekeni karatasi juu ya meza, mchore herufi moja tu, msiharibu mbao kwa majaribio.

Kama Y ndo imegeuka, setingi ni $3. Inafanya kazi kwa kujumlisha: X ni 1, Y ni 2, Z ni 4. Ikiwa sasa hivi imeandikwa 0 wekeni $3=2. Ikiwa imeandikwa 4, manake Z ilishageuzwa na aliyeifunga, basi inakuwa 6, msiweke 2 peke yake mtaigeuza Z na biti itazama kwenye meza pale inapotakiwa kupanda. Nimelisema hilo kwa sauti.

Na kama mashine yenu ina swichi za kutafutia nyumbani, yaani mahali pake pa kuanzia, mkishabadilisha $3 ule mwendo wa kwenda nyumbani nao unageuka, mashine itakimbia kutafuta swichi upande ambao haina swichi. $23 ndo inapanga upande, nayo inahesabiwa hivyo hivyo 1, 2, 4, geuzeni Y ndani yake pia. Mara ya kwanza mkiandika $H, amri ya kwenda nyumbani, mtu mmoja mkono wake uwe juu ya kitufe cha kuzimia umeme.

Inapiga mluzi halafu inakwama

*Mambo fundi, niko Malindi huku Barani, tunatengeneza vitanda na makabati ya nyumba za wageni. Mashine yangu ina bolskrubu 1605 pande zote, mota NEMA 23, draiva DM542, pauasaplai ya volti 24. Setingi nilizitoa kwenye video ya jamaa mmoja wa Marekani mashine yake kama yangu kabisa, $110 ni 5000, $120 ni 500, mimi nikaongeza maikrostepu 16 ndo iwe laini na $100 nikaweka 640. Ikienda bila kukata inapiga mluzi inakwama, na saa zingine inamaliza kazi vizuri lakini kuanzia katikati mchoro wote umehama kama sentimita moja. Nimebadilisha yuesibii nimebadilisha laptop wapi.*
— Seremala wa Barani

Poa sana kaka. Laptop haina kosa, irudishe ulikoiazima.

Kwanza ile hesabu ambayo video haikukwambia. $110 ni kasi ya juu ya X kwa milimita kwa dakika. Umeiambia 5000 na kila milimita ni stepu 640, zidisha, gawanya kwa sekunde 60, unapata zaidi ya pulsi 53,000 kila sekunde, pulsi moja ni amri ya stepu moja. GRBL ndani ya Arduino Uno mwisho wake ni kama 30,000. Unaomba kitu ambacho kile kiubao hakina. Kwa 640 kasi ya juu kabisa unayoweza hata kuiota ni kama 2800. Rudisha maikrostepu 8, $100, $101 na $102 zote zirudi 320, hapo 30,000 inakupa mpaka kama 5600 na ile 5000 inaingia angalau kwenye karatasi. Huyo jamaa wa video inawezekana kabisa alikuwa na 8. Namba zake ni sahihi kwake, kwako ulibadilisha moja ukaziacha zingine, na hizi namba zinashikana mikono. Na ile habari ya ulaini, kati ya 8 na 16 kwenye mbao hutaona tofauti, biti yenyewe inaacha alama kubwa kuliko hiyo.

Sasa karatasi ni karatasi, mota yako nayo ina lake. Stepa ikiongeza kasi nguvu yake inashuka, manake umeme unachelewa kuingia kwenye koili, mota imeshaambiwa iende stepu inayofuata na ile ya kwanza haijashiba. Volti ndo zinazosukuma umeme uingie haraka. DM542 inakubali volti 20 mpaka 50, wewe uko 24, hapo chini kabisa. Pauasaplai ya 36 itakupa kasi ambayo hakuna setingi yoyote itakupa. Lakini hiyo ni pesa, fanya la bure kwanza.

Shusha $110 iwe 1000 na $120 iwe 50. $120 ni namna mota inavyopewa mbio kutoka kusimama, ikiwa kubwa mno ni kama kumchapa punda mwenye mzigo akiwa bado amelala. Endesha X peke yake huku na huku urefu wote. Ikiwa safi ongeza $110 mia tano, tena, tena, mpaka isikike ule mluzi ikwame. Hapo umeujua ukuta wako. Rudi nyuma robo nzima au theluthi, usikae mlangoni mwa ukuta, kwa sababu umejaribu hewani na kwenye mbambakofi biti inavuta. Halafu fanya hivyo hivyo na $120. Halafu Y, halafu Z, kila mmoja peke yake, Z itakuwa polepole kuliko wenzake kwa sababu inabeba mota ya kukatia na hilo ni sawa, hakuna mashindano.

Kuhusu mchoro kuhama, GRBL haina macho. Inatuma stepu inaamini zimefika, mota ikikwama nusu sekunde inaendelea tu kutoka pale ilipo na yote yanayofuata yanakaa pembeni, ndo hiyo sentimita yako. Kushusha kasi kutamaliza mengi ya hayo. Lakini kabla hujasema ni setingi chukua maka peni uvuke mstari mmoja kutoka kwenye shafti ya mota mpaka kwenye kaplingi, kile kiungo cha mota na skrubu, na kutoka kaplingi mpaka kwenye skrubu, mstari mmoja ulionyooka. Fanya kazi siku nzima. Jioni angalia. Mstari ukiwa umekatika, nusu iko huku nusu iko kule, basi shafti inateleza ndani ya kaplingi na ungeweza kubadilisha setingi mpaka Ramadhani ijayo bila kupata kitu, kaza zile skrubu ndogo za alenkii, uziwekee gundi ya nyuzi. Mstari ukiwa mzima ndo urudi kwenye namba.

Na laptop uizuie kulala katikati ya kazi, hilo nalo limekula mbao za watu.

Alamu kila nikiwasha rauta

*Salaam fundi, niko Shela. Kila nikiwasha rauta, ile mota ya kukatia, mashine inasimama inaandika ALARM:1, na haijagusa popote iko katikati ya meza. Nikizima $21, ile inayosimamisha mashine swichi ya mwisho ikiguswa, inafanya kazi. Niiache imezimwa?*
— Kijana wa Shela

Usiiache imezimwa, ila nakuelewa. ALARM:1 ni swichi ya mwisho imeguswa, au mashine *inadhani* imeguswa, na yako inadhani. Rauta ina brashi zinazotoa cheche ndani, kelele yake ya umeme inaruka kwenye nyaya za swichi, na pini ya Arduino inashikiliwa na nguvu ndogo sana, kitu kidogo tu kinaishusha na GRBL inaona swichi imebonyezwa. Kwa hivyo programu haijakosea, imeambiwa uongo na waya.

Tenganisha waya wa rauta na nyaya za swichi, zisipite kwenye mfereji mmoja, najua zinapendeza zikifungwa pamoja. Tumia waya wenye neti ya shaba nje, hiyo neti ifungwe kwenye ardhi upande mmoja tu, upande wa kontrola. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya pini ya swichi na graundi, karibu kabisa na ubao. Hapo wengi wanapona.

Lakini kwa nyinyi mnaokaa kando ya bahari kuna la zaidi. Swichi nyingi zimefungwa kwa ile miguu inayoungana *ikibonyezwa*. Sasa chumvi ya Shela unaijua, miezi sita tu miguu ya shaba imeota kijani. Siku mashine inafika mwisho kweli inabonyeza swichi, umeme haupiti kwa sababu ya kutu, na GRBL haijui kitu, inaendelea kusukuma ukuta. Badilisha, tumia ile miguu iliyoungana wakati swichi *haijabonyezwa*, halafu weka $5=1 ili GRBL ijue mambo yamegeuzwa. Sasa kutu ikikata au waya ukiliwa na panya mashine inasimama na kulalamika, hasara yako ni muda tu. Na njia hii inapunguza kelele pia, kwa sababu pini imeshikwa moja kwa moja kwenye graundi badala ya kuning'inia.

Ukishatulia washa $22 iwe 1 ndo mashine iende nyumbani, ndipo uwashe $20 inayoizuia kupita urefu wa meza ulioandika kwenye $130, $131 na $132. $20 bila $22 itakukatalia, itakwambia error:10. Na ukiiona error:9 baada ya kuwasha usiogope, imejifunga tu inangoja uiambie $H iende nyumbani, au $X uifungue kwa mkono ukiwa una hakika ya mahali ilipo. Baada ya ALARM:1 usitumie $X ukaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea, lile zuio limekata stepu ghafla na mahali pake hapaaminiki tena, ipeleke nyumbani kwanza.

Jambo dogo la mwisho, kama swichi ya Z ndo haisikii kabisa na una ile shildi nyekundu ya CNC V3, ule ubao unaochomekwa juu ya Arduino, maandishi ya ubao ni ya GRBL ya zamani. Toka toleo la 0.9 swichi ya Z ilihamia pini 12 na pini 11 ikapewa mota ya kukatia. Ihamishe waya.

Inashuka yenyewe

*Kijana, mimi ni mzee wa Matondoni, natengeneza majahazi madogo ya kuuzia wageni na mjukuu wangu ameniletea mashine ya kukatia mbavu zake. Ikimaliza kukata ikasimama ile mota ya juu inashuka taratibu mpaka biti inagusa mbao. Mjukuu akaweka kitu haishuki tena, lakini sasa stepa zinaunguza mkono. Zitaungua?*
— Mzee wa Matondoni

Shikamoo mzee wangu. Mjukuu amefanya sawa, ameweka $1=255 bila shaka. Kawaida GRBL inaachia mota milisekunde 25 tu baada ya kusimama, na ya Z ikiachiwa uzito wa rauta unaishusha, hasa kama skrubu ni ile ya T8 ya mwendo mrefu. 255 maana yake usiachie kamwe. Joto linatokana na hapo, stepa inakula umeme hata ikiwa imesimama, na ndivyo zilivyoumbwa. Mkono wa binadamu unakataa kwenye nyuzi 50 na kitu, stepa nyingi ganda lake linavumilia mpaka 80. Ukidondoshea tone la maji likachemka hapo umeshaupita mpaka huo.

Kuipunguza, mwambie mjukuu aangalie kwenye draiva kama ni DM542 kiswichi cha nne kiwe OFF, kinapunguza umeme nusu mota ikiwa imesimama na bado inashika. Halafu asome umeme ulioandikwa kwenye kibandiko cha mota asiuzidishe kwenye vile viswichi vitatu vya kwanza. Kama draiva ni zile ndogo za A4988 hakuna kiswichi cha hivyo, apunguze kile kiskrubu kidogo, kidogo kidogo, na kamwe asichomoe waya wa mota umeme ukiwa unawaka, draiva inakufa papo hapo.

Kwa haraka

*Fundi nachoma majina kwenye vifuu vya nazi na leza ndogo, Malindi, inatoka hafifu hata nikiweka nguvu ya mwisho.* — Binti wa Vifuu

Dada, programu yako inahesabu nguvu mpaka 255 na $30, ile namba ya nguvu ya mwisho ndani ya GRBL, yako imebaki 1000, kwa hivyo mwisho wako wewe ni robo ya leza. Zilinganishe, ama $30=255 ama ubadilishe kwenye programu iwe 1000. Weka na $32=1, leza itapunguza moto yenyewe kwenye kona, mradi programu yako inaiwasha kwa amri ya M4, sio M3. Ila hiyo $32 uirudishe 0 kama mashine hiyo hiyo unaifunga rauta. Miwani ya rangi ya leza yako unayo? Ile ya jua haikusaidii kitu.

*Nikibadilisha laptop setingi zinapotea?* — Mpita Njia, Lamu

Hazipotei kaka, zimehifadhiwa ndani ya Arduino yenyewe, unaweza kuzima stima mwezi mzima ukazikuta. Zinapotea ukibadilisha Arduino, na saa zingine ukipakia toleo jipya la GRBL, au mtu akiandika $RST=$ ambayo inarudisha za kiwandani. Andika $$ leo, nakili orodha yote, jitumie WhatsApp, na ingine iandike kwa kalamu ubandike ndani ya mlango wa boksi la kontrola pamoja na tarehe na hesabu ya skrubu yako, siku Arduino ikifa utaandika zile namba moja moja na utakuwa umerudi kazini kabla ya adhuhuri.